Mbwa wakubwa kuharisha baada ya kubadilishiwa chakula: tufanye nini, na ni lini tusisubiri

MlinziWaLango, Entebbe

Habari za jioni wanajukwaa. Ninatunza mbwa wawili wa aina ya German Shepherd katika nyumba moja hapa Entebbe, dume na jike, wote wamekomaa, kila mmoja akiwa na uzito wa karibu kilo 35. Tangu walipoletwa wamekuwa wakila posho (ugali wa mahindi) iliyopikwa pamoja na mukene (dagaa), na mara mojamoja matumbo ya ng'ombe kutoka buchani. Mwenye nyumba aliporudi safarini alileta gunia la chakula kikavu cha punje na kuagiza kwamba kuanzia siku hiyo wasipewe kitu kingine. Jike hana tabu yoyote. Dume alianza kuharisha usiku wa pili, na sasa kinyesi chake ni laini kiasi cha kutookoteka, kina rangi ya manjano iliyokoza, na mwishoni hutoka ute unaoteleza ambao safari moja ulikuwa na uzi mwembamba wa damu nyekundu. Anaomba kutoka nje mara nyingi, anachuchumaa kwa muda mrefu, kisha anatoa kidogo tu. Hajatapika, anakunywa maji, na akiona bakuli anatikisa mkia kama kawaida.

Duka la dawa la jirani limenishauri nimpe Flagyl, dawa ya kuua bakteria. Jirani mwingine anasema nimnyime chakula kwa siku mbili. Mwenye nyumba anasema punje ziendelee, tumbo litazoea lenyewe. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa wale waliosomea.

DktMifugo, Mbarara

Ndugu MlinziWaLango, pole kwa kukesha. Kabla ya kuzungumzia dawa, tukisome kwanza kinyesi, maana ulichokieleza kina habari nyingi. Mbwa anayekwenda haja mara kwa mara, akajikamua, akatoa kidogo chenye ute na pengine uzi wa damu nyekundu, tatizo lake liko katika utumbo mpana. Yule ambaye tatizo lake liko katika utumbo mwembamba hutoa kinyesi kingi kwa mara chache, aghalabu cha majimaji, hukonda upesi, na damu yake, kama ipo, huwa imekwisha kumeng'enywa njiani, hivyo kinyesi huwa cheusi na chenye kunata. Hali ya dume wako ndiyo tunayoiona sana chakula kinapobadilishwa ghafla, na kwa mbwa mzima mwenye hamu ya kula na anayekunywa maji, kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache bila dawa yoyote. Kinyesi cheusi hakisubiriwi hata usiku mmoja.

Chanzo chake ni hiki. Katika utumbo wa mbwa wanaishi bakteria wengi waliozoea mlo fulani, na kongosho nalo hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunjavunja chakula, kwa kiasi kinacholingana na kile mbwa anachokula siku zote. Dume wako amekua kwa wanga wa mahindi na samaki wadogo. Ghafla analetewa punje zenye mafuta zaidi na protini ya aina nyingine. Sehemu ya chakula hicho inapita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa sawasawa, inafika katika utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachusha. Mchachuko huo hutoa gesi na asidi, huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na huukera ukuta wake mpaka ukatoa ute wa kujikinga. Ute unaouona ndio huo.

Mbwa wakubwa wana udhaifu wao wa maumbile katika jambo hili. Kwa mbwa mdogo kabisa, njia nzima ya chakula huwa na uzito wa karibu asilimia 7 ya mwili wake. Kwa majitu kama Great Dane hushuka hadi chini ya asilimia 3. Isitoshe, chakula hukaa kwa muda mrefu zaidi katika utumbo mpana wa mbwa mkubwa, kwa hiyo huchachuka zaidi, na uwezo wa utumbo huo kufyonza maji na chumvi si mzuri kama wa mbwa mdogo. Ndiyo sababu mbwa wawili, mmoja wa kilo 5 na mwingine wa kilo 40, wakila chakula kilekile, mkubwa ndiye atakayetoa kinyesi laini, na German Shepherd anajulikana miongoni mwetu kwa utumbo mwepesi kukereka.

Sasa la kufanya usiku huu. Punje zisimame kwa muda. Pika mchele mweupe mpaka uwe laini kabisa, chemsha nyama ya kuku iliyoondolewa ngozi na mifupa, usitie mafuta, chumvi, kitunguu wala viungo vya pakiti, maana kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Kwa kilo 35, gramu 200 za kuku uliokwisha kuiva pamoja na gramu 500 za wali kwa siku zinakaribia nishati anayoihitaji akiwa amepumzika, yaani takriban kilokalori 1,000. Ugawe katika milo minne midogo badala ya mmoja mkubwa. Endelea hivyo kwa siku mbili au tatu, hadi kinyesi kishikike, lakini usikifanye chakula hicho kuwa cha kudumu, kwa kuwa hakina kalisiamu ya kutosha wala vitamini nyingine anazozihitaji.

Kuhusu kumnyima chakula: zamani tulifundishwa saa 24. Leo wengi wetu hatufanyi hivyo kwa mbwa asiyetapika, kwa sababu chembe za ukuta wa utumbo hupata sehemu ya lishe yake moja kwa moja kutoka katika chakula kinachopita, na utumbo mtupu huchelewa kupona. Ukitaka kumpumzisha, ruka mlo mmoja. Siku mbili za njaa ni adhabu, si tiba, na mtoto wa mbwa hafungishwi kamwe.

Maji yawepo wakati wote. Mbwa mzima mwenye afya huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani karibu lita 2 kwa huyo wako, na anapoharisha mahitaji hupanda. Waweza kumwekea bakuli la pili lenye ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, katika lita 1 ya maji, akanywa kidogo kidogo akipenda. Asilazimishwe, na maji ya kawaida yasiondolewe.

Afande_Mstaafu, Gulu

Daktari, nakuheshimu, lakini huu uzi unanichekesha kidogo. Nimekaa na mbwa wa ulinzi miaka mingi, wakubwa kuliko hao wa Entebbe, na wote wamekula posho na mukene mpaka uzee ukawachukua. Hizo punje za magunia ni biashara. Mbwa alikuwa mzima, akaletewa chakula cha kizungu, akaharisha. Dawa ni kurudi kwenye posho, yamekwisha.

DktMifugo, Mbarara

Afande, shikamoo. Katika hilo umesema jambo moja la kweli ambalo watu wa mjini hawapendi kulisikia: mbwa wa Uganda anaweza kuishi vizuri kwa chakula cha kupikwa nyumbani, na kuharisha kwa dume huyu si ushahidi kwamba punje ni bora wala kwamba ni mbaya. Mbwa aliyezoea punje akihamishiwa posho ghafla ataharisha vilevile. Kinachomuumiza ni mwendo wa kubadilisha.

Hata hivyo posho nayo ina mambo yake. La kwanza ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Utakumbuka kwamba mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Kupika kwa kawaida hakuiondoi, na mbwa huathirika nayo kuliko wanyama wengi wa kufugwa: hupoteza hamu ya kula, hutapika, huharisha, macho na fizi huwa za manjano, na ini likishaharibika mara nyingi hatuwezi kumrudisha. Unga uliooza kiasi kwamba watu wameukataa usiishie katika sufuria ya mbwa, na kwa bahati mbaya huko ndiko unakoishia.

La pili ni mukene. Kama samaki ni chakula kizuri sana, lakini wale wanaouzwa kwa ajili ya mifugo mara nyingi wameanikwa juu ya mchanga ufukweni, na mchanga huo humezwa pamoja nao. Osha mara kadhaa, acha mchanga utulie chini ya beseni, mwaga, rudia. Kama wametiwa chumvi, loweka kwanza. La tatu, posho iwe imeiva sana, laini kuliko ile tunayokula mezani, kwa kuwa wanga usioiva ndio unaokwenda kuchachuka kule chini. Na pumba za mahindi, ambazo watu huzipika kwa kuwa ni za bei nafuu, ni nyuzi tupu kwa mbwa. Zinajaza tumbo na kukiongeza kinyesi bila kumlisha.

Afande_Mstaafu, Gulu

Marahaba, Daktari. Hilo la mchanga nimelikubali, maana nimeuona kwenye kinyesi kwa macho yangu. Ila kwenye chakula cha magunia bado nina neno, tutazungumza.

MamaBosi, Jinja

Kaka MlinziWaLango, mimi nina Rottweiler wa kilo 48 na nimepitia haya ya gunia jipya. Nina swali ambalo naona halijaulizwa. Unapima kwa chombo gani? Nauliza kwa sababu kwenye gunia huandikwa vikombe, na majumbani mwetu kikombe ni tumpeko, kile kikombe kikubwa cha kunywea.

MlinziWaLango, Entebbe

Ndiyo, Mama, chombo kilichoachwa juu ya gunia ni tumpeko. Maandishi ya gunia yanasema vikombe vitano kwa siku kwa mbwa wa uzito huu, nami nimefuata maagizo hayo: mbili na nusu asubuhi, mbili na nusu jioni. Jike hubakiza karibu nusu kila mara. Dume humaliza lake, kisha humalizia la jike.

MamaBosi, Jinja

Basi hapo pana jibu la nusu ya tatizo. Kikombe cha kwenye magunia ni cha karibu mililita 240. Tumpeko ni nusu lita. Mbwa huyo anapewa maradufu ya anachostahili, tena anaongeza masalio ya mwenzake. Mimi nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, nikaweka tumpeko juu yake: punje zilizojaa hadi ukingoni zilikuwa karibu gramu 200. Kila aina ya punje ina uzito wake, kwa hiyo pima za kwako mwenyewe.

DktMifugo, Mbarara

Mama Bosi ameniwahi, na swali hilo lilipaswa kuwa langu la kwanza. Hebu tupige hesabu. Mbwa wa kilo 35 aliyekomaa, anayelinda usiku lakini hakimbizwi kutwa, anahitaji takriban kilokalori 1,600 hadi 1,800 kwa siku. Punje nyingi zina karibu kilokalori 3,500 katika kila kilo, na namba hiyo huandikwa kwenye gunia. Hiyo ni kama gramu 450 hadi 520, yaani tumpeko mbili na ushee. Tumpeko tano ni kilo nzima. Hata mbwa aliyezoea chakula hicho kwa miaka ataharisha akilishwa kilo nzima, kwa kuwa utumbo mwembamba hauwezi kuimaliza, na ziada yote hushuka kwa bakteria. Hii ndiyo sababu pia jike yuko salama: anabakiza.

Kwa hiyo wakitulia, rudi kwenye punje hivi. Kwa siku mbili au tatu robo ya mlo iwe punje na robo tatu wali na kuku, au posho na mukene aliyeoshwa. Kisha nusu kwa nusu kwa siku nyingine mbili au tatu. Kisha robo tatu za punje. Kisha punje tupu. Vitabu husema siku 7 hadi 10. Kwa mbwa mkubwa aliyekwisha kuharisha mara moja, mimi sikimbilii siku 7, nakwenda hadi wiki mbili, na kinyesi kikilainika tena ninarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo badala ya kuacha kila kitu na kuanza upya. Walishwe mbali mbali, au mmoja akiwa amefungiwa, ili kila mmoja ale kilicho chake.

Na huyo jike, ingawa hana dalili, apitishwe katika ratiba hiyohiyo.

DukaLaLishe, Kampala

Naomba kuongeza la upande wa dukani. Wateja wengi hawawezi kununua gunia la kilo 15 au 20, hununua kwa kupimiwa kilo mbili mbili kutoka gunia lililofunguliwa. Sina neno na hilo, nami ninauza hivyo, lakini ulizeni gunia limefunguliwa lini, na nuseni. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje huchacha yakikaa wazi kwenye joto, na harufu yake ni ya mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi. Mbwa akila hayo ataharisha, na mwenye mbwa atasema aina hiyo ya chakula ni mbaya. Mkinunua gunia zima, kiacheni chakula ndani ya mfuko wake wa asili, ukunjeni vizuri na kuuweka kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu pasipofikiwa na panya. Kumimina punje moja kwa moja kwenye pipa la zamani lenye mabaki ya mafuta ya gunia lililopita si kuhifadhi.

MlinziWaLango, Entebbe

Ahsanteni sana. Vipi kuhusu Flagyl? Mwenye nyumba amekwisha kuinunua na anauliza kwa nini haitumiki.

DktMifugo, Mbarara

Mweleze kwa upole hivi. Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, huua bakteria wabaya na wema pamoja, na uchunguzi wa kinyesi cha mbwa umeonyesha kwamba mpangilio wa bakteria hao unaweza kubaki umevurugika kwa wiki kadhaa baada ya dawa kwisha. Mwaka 2024 wataalamu wa mtandao wa Ulaya unaoshughulikia matumizi ya antibayotiki kwa wanyama walitoa mwongozo unaoshauri mbwa mwenye kuharisha kwa ghafla kwa kiwango kidogo au cha wastani asipewe antibayotiki, hata kama kuna damu kidogo, maadamu mwili wake wote haujadhoofika. Mbwa aliyepewa dawa siku ya pili akapona siku ya nne angepona siku ya nne au ya tano bila dawa hiyo, ila mwenye mbwa ataisifu dawa.

Loperamidi ya watu, ile ya kufunga tumbo, nayo iachwe. Baadhi ya German Shepherd, kama ilivyo kwa jamii ya Collie, huzaliwa na kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na mbwa hulewa, huyumba, hata kuzimia. Ibuprofeni na diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya tumbo ni hatari zaidi: hutoboa vidonda tumboni na kuangusha figo. Panadol pia si ya mbwa kwa kukisia.

Kinachoweza kumsaidia bila madhara ni boga. Lichemshe bila sukari wala chumvi, liponde, mtilie vijiko vitatu au vinne vya chakula katika mlo. Nyuzi zake hushika maji na kulisha bakteria wema. Ukipata kwa daktari unga wa bakteria wema uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa, unaweza kupunguza muda wa kuharisha, ingawa si lazima.

MamaBosi, Jinja

Boga naliunga mkono, hapa kwangu halikosekani. Na maziwa je? Mama mkwe wangu anaamini maziwa hutuliza tumbo la kila kiumbe.

DktMifugo, Mbarara

Msalimie mama mkwe, lakini maziwa hapana. Mbwa wengi waliokomaa hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja sukari ya maziwa, na hiyo nayo itachachuka na kuvuta maji. Mifupa iliyopikwa pia isitolewe, hasa ya kuku, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Nyama yenye mafuta mengi, ngozi ya kuku na masalio ya nyama ya nguruwe kutoka kwenye sherehe huweza kuchochea uvimbe wa kongosho: mbwa hutapika mara kwa mara, hukataa chakula, na husimama akiwa ameinamisha kifua chini huku makalio yakiwa juu kwa sababu ya maumivu. Hiyo inatibiwa kliniki.

MwanafunziWaMifugo, Kampala

Shikamooni wote. Naomba kukazia jambo ambalo naona wafugaji wengi hulichanganya, kwa sababu chakula kikibadilishwa, kila ugonjwa unaofuata hulaumiwa chakula. Wiki iliyobadilishwa chakula inaweza pia kuwa wiki ambayo mbwa ameambukizwa kitu kingine.

Mtoto wa mbwa, hasa wa Rottweiler au German Shepherd ambaye hajamaliza chanjo, akiharisha damu yenye harufu kali na kutapika, msiwaze chakula, wazeni parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo. Chanjo huanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo moja haitoshi. Mbwa wa umri wowote mwenye joto kali, fizi zilizopauka na mkojo wenye rangi nyeusi au nyekundu achunguzwe damu kwa ajili ya magonjwa ya kupe, ambayo hapa kwetu ni mengi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo 38.8 si homa, ingawa kwa binadamu ingetutia wasiwasi. Na minyoo, hasa wale wanaonyonya damu utumboni, huweza kufanya kinyesi kiwe laini kwa miezi bila mtu kuwaona, maana mayai yao hayaonekani kwa macho.

Kwa German Shepherd kuna ugonjwa mmoja wa kuujua. Wapo ambao kongosho lao huacha kutoa vimeng'enya, aghalabu wakiwa bado vijana. Mbwa huyo hula kwa pupa, hata kula kinyesi chake, lakini anakonda huku akitoa kinyesi kingi, chepesi, cheupecheupe na chenye mng'ao wa mafuta. Watu hubadilisha chakula mara tano wakidhani hakimfai. Kuna kipimo cha damu kinachoutambua, na tiba yake ni kumwekea vimeng'enya kwenye kila mlo, maisha yake yote.

Afande_Mstaafu, Gulu

Kijana, umeeleza vizuri. Na tumbo kujaa upepo? Niliwahi kumwona mbwa wa mwenzetu kazini akifa kwa hilo usiku mmoja, baada ya kushiba na kutolewa mbio kumfukuza mtu.

DktMifugo, Mbarara

Afande, hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote yaliyotajwa humu, na linawahusu mbwa wakubwa wenye kifua kirefu: Great Dane, German Shepherd, Rottweiler, Boerboel. Mfuko wa chakula hujaa gesi, kisha hujipinda, na mishipa ya damu inajifunga. Dalili yake ni mbwa anayehangaika, asiyetulia mahali pamoja, anayejaribu kutapika lakini hatoi kitu ila mate na povu, na tumbo linalovimba nyuma ya mbavu, ukiligonga kwa kidole linatoa sauti ya ngoma. Hakuna dawa ya nyumbani hapo. Ni upasuaji, na saa moja au mbili ndizo zinazoamua. Usimpe chochote kinywani. Tafuta gari, piga simu kliniki ukiwa njiani. Walio Kampala wajue mapema kliniki ipi hupokea usiku, na wakati wa kazi ipo pia ile ya wanyama wadogo katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Kinga yake inagusana na mada yetu. Mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza hatari, na kula kwa pupa pia. Gawa mara mbili au tatu. Mpe nafasi ya kutulia kabla ya kazi na baada ya kula, maana yake mbwa wa ulinzi alishwe jioni na mapema, si dakika ya kufunguliwa. Na wale wanaoinua bakuli juu ya kiti wakidhani wanamsaidia mbwa mrefu, washushe: uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta mbwa waliolishwa kwa bakuli zilizoinuliwa wakipatwa zaidi.

MlinziWaLango, Entebbe

Nawapa taarifa. Dume sasa anakwenda haja mara mbili kwa siku, ute umekoma, na kinyesi kina umbo ingawa bado ni laini mwishoni. Tumeanza robo ya punje, zilizopimwa kwa mizani, na jike analishwa upande wa pili wa banda. Mwenye nyumba anauliza kama ni lazima kupeleka kinyesi kupimwa minyoo, kwa kuwa walipewa dawa ya minyoo miezi mingi iliyopita, na kama ni lazima, kinabebwaje.

DktMifugo, Mbarara

Vema, hiyo ndiyo njia yake. Ulaini wa mwishoni usikutie hofu wakati wa kuhama. Ute au damu vikionekana tena, rudi hatua moja. Akikataa kula, akitapika zaidi ya mara moja, au ukivuta ngozi ya shingo nayo ikachelewa kurudi mahali pake huku fizi zikiwa kavu, usiulize humu, mpeleke.

Kinyesi kipimwe, ndiyo, kwa wote wawili. Chukua cha asubuhi kikiwa kibichi, kiasi cha kijiko kimoja, sehemu ya juu ambayo haijagusa udongo, kwa sababu minyoo ya udongoni huingia na kumchanganya mpimaji. Tia katika kichupa safi chenye kifuniko, andika jina la mbwa na saa, kila mmoja na chake. Kifike siku hiyohiyo, na kikichelewa kiwekwe kwenye baridi, si kwenye friza, wala kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Waambie waangalie na Giardia, kwa kuwa kimelea hicho hutoka siku moja na kupotea siku nyingine. Kama cha kwanza hakionyeshi kitu na ulaini ukiendelea zaidi ya wiki mbili, peleka vingine viwili vya siku tofauti. Dawa ya minyoo itolewe baada ya majibu, kwa uzito uliopimwa, na si kwa kukadiria kwa jicho.